VR kwa woga wa mahali pa juu: vikao vipangwe vipi, na wapi watu hukosea?

Nasaha_Bara

Wakuu, salaam kwenu. Naomba msaada wa wanaoijua kazi hii.

Kituo chetu cha ushauri nasaha kina chumba kimoja cha mita 3 kwa 4 na miwani moja ya VR aina ya Quest 2, yaani ile inayomfanya anayeivaa aone na kusikia dunia ya kidijitali kana kwamba yumo ndani yake. Tunaowalenga ni watu wazima wenye woga wa mahali pa juu: anayekataa kazi kwa sababu ofisi iko ghorofa ya 6, anayezunguka mbali ili asipite daraja la waenda kwa miguu, asiyeweza kupanda ngazi za umeme. Tiba ya kumkabilisha mtu na anachokiogopa hatua kwa hatua tunaifahamu na tunaifanya kwa njia ya kawaida. Kigeni kwetu ni hiyo miwani.

Maswali yangu:

1. Vikao vingapi, dakika ngapi ndani ya miwani, na hatua zipangweje?
2. Hofu ikipanda sana, tumwelekeze kupumua na kujituliza akiwa humohumo ndani, au tuzime?
3. Kichefuchefu tunakizuiaje?
4. Nani asivalishwe kabisa?
5. Tununue programu au tupige wenyewe video za nyuzi 360 za maeneo ya hapa kwetu?

Natanguliza shukrani.

Mzani

Karibu Nasaha. Naanza na swali la pili, kwa sababu jibu lake ndilo litaamua kama mnatoa tiba au mnaonyesha sinema.

Msimfundishe kujituliza ndani ya miwani. Wolpe, kwenye njia aliyoitangaza mwaka 1958, alikuwa anamlegeza mtu misuli kwanza ndipo amlete karibu na kinachomtisha. Ilisaidia, lakini baadaye ikaonekana kwamba kazi kubwa hufanywa na kule kukaa na kile kitu, kulegea hakuongezi sana. Na kuna hasara yake. Anayehesabu pumzi kila hofu inapopanda huondoka na somo moja: "Nimenusurika kwa sababu nilipumua vizuri." Siku akiwa kwenye roshani ya kweli na pumzi zikagoma kutulia, amerudi alikoanzia.

Badala yake, kabla ya kila hatua, miwani ikiwa bado mezani, mwandikishe utabiri. "Nitaogopa" si utabiri, maana ataogopa kweli na hamtakuwa mmejifunza kitu. Uwe utabiri wa tukio: "Nikiegemea ukingo nitapagawa na kuvua miwani kabla ya dakika moja." Aandike na asilimia ya jinsi anavyoamini, tuseme 80. Akitoka mnarudi kwenye karatasi: ulipagawa? Ulikaa dakika ngapi? Sasa unaamini kwa asilimia ngapi? Michelle Craske na wenzake wa Los Angeles walilieleza hili vizuri mwaka 2014: kinachofundisha ni tofauti kati ya alichotarajia na alichokiona. Hofu kushuka ndani ya kikao ni jambo jema, ila halitabiri sana hali yake ya baadaye. Kwa hiyo msikae mnasubiri namba ishuke kama mnaosubiri maji yachemke.

Hapa VR ina mtego wake ambao tiba ya kawaida haina. Utabiri wa "nitaanguka" au "ukingo utavunjika" hauwezi kupimwa ndani ya miwani. Mteja atakujibu, na ana haki, kwamba hakuanguka kwa sababu alikuwa amesimama kwenye zulia. Humo ndani pimeni yale yanayomhusu yeye mwenyewe: nitazimia, nitapoteza akili, miguu itanirusha, sitavumilia. Utabiri unaohusu jengo uwekeni akiba kwa ajili ya jengo.

Sasa ratiba. Kikao cha kwanza kiwe cha dakika 60 hadi 90 na kisiwe na kimo chochote. Mhoji, jaza dodoso, jenga ngazi ya hofu yenye hatua 8 hadi 10, halafu mwisho avae miwani dakika 5 kwenye chumba cha kawaida cha kidijitali ili ajue kuivaa, kuivua na kutumia rimoti. Vikao vinavyofuata viwe 4 hadi 6, kila kimoja dakika 60. Ndani ya miwani akae vipande vya dakika 10 hadi 15, apumzike dakika 5, jumla isizidi dakika 30 hadi 40. Oxford walipojaribu programu yao ya woga wa kimo kwa watu 100, matokeo wakayatoa mwaka 2018, waliopata VR walikuwa 49 na kwa wastani walikaa kwenye tiba saa 2 hivi kwa jumla. Woga wao ulishuka kwa wastani wa asilimia 68. Tena hawakuwa na mshauri hai, walikuwa na kocha wa kidijitali. Msidhani mnahitaji vikao 20.

Kwenye ngazi ya hofu, kosa la kawaida ni kudhani kimo kina kipimo kimoja tu, yaani ghorofa. Vipo vingi: umbali wa miguu kutoka ukingoni, ukingo upo au haupo, ni wa zege au wa kioo, anatazama mbele au chini, amesimama au anatembea, mikono imeshika au iko huru. Ghorofa ya 3 isiyo na ukingo inaweza kumtesa kuliko ghorofa ya 10 yenye ukuta wa kifuani. Badilisha kimoja kwa wakati mmoja na uandike ulichobadilisha. Anzia hatua anayoipa 30 au 40 kwenye kipimo cha 0 hadi 100. Ukianzia 10 unapoteza kikao, ukianzia 80 unaweza kumpoteza mteja.

Na msimsimamishe tu kama mlingoti. Mpe kazi. Kwenye ile programu ya Oxford watu walimwokoa paka mtini na kupiga marimba ukingoni mwa roshani. Inachekesha, lakini kazi hulazimisha mwili ufanye yale yale unayoyakwepa: kuinama, kunyoosha mkono nje ya ukingo, kugeuza mgongo kwenye shimo.

Namba ya hofu iulize kila baada ya dakika 2. Neno moja: "Namba?" Naye ajibu namba. Ukiongea zaidi, sauti yako inamrudisha chumbani.

Hofu ikipanda hadi 95 usizime. Ukizima kileleni, ubongo unaandika kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Mkubaliane mapema: akiinua mkono, anashuka hatua moja tu, kwa mfano anarudi nyuma mita moja, anasubiri dakika 2, kisha anaamua. Haki ya kuivua miwani anayo muda wote na aijue tangu siku ya kwanza. Akiivua, arudi siku hiyohiyo kwenye hatua ya chini zaidi, hata kwa dakika 3, ili asiondoke na picha ya kushindwa.

Chap_Chap

Samahani wakuu, kwani mji hauna maghorofa? Kwa nini msimpandishe mtu juu kweli, bure, mkaachana na kuchaji miwani?

Mzani

Swali halali, Chap_Chap. Anayekubali kupanda ghorofa la kweli leo, mpandishe leo. VR haijathibitika kuipita tiba ya ana kwa ana na kitu halisi, zinakaribiana. Faida yake kubwa iko kwa wanaokataa. Azucena García-Palacios na wenzake waliwapa wagonjwa 150 wenye fobia (woga uliopita kiasi wa kitu fulani) nafasi ya kuchagua, wakachapisha mwaka 2007: walioikataa tiba ya kukabili kitu halisi walikuwa asilimia 27, walioikataa VR asilimia 3. Hao walio katikati ndio wateja wa miwani. Halafu kuna mambo ya kawaida tu: jengo la kweli lina mlinzi anayetaka barua, huwezi kuling'oa ukingo, na huwezi kulirudia mara 12 kwa saa moja. Kwa woga wa kusafiri na ndege ndiyo usiseme kabisa, kila jaribio ni tiketi.

Lenzi63

Mimi nijibu upande wa mashine, namba 3 na 5.

Kichefuchefu kwanza. Macho yanasema unatembea, sikio la ndani linasema umesimama, tumbo linalipa gharama. Kwa hiyo kanuni ni moja: dunia ya ndani isisogee isipokuwa mteja amesogea kwa miguu yake au kwa kichwa chake. Zimeni kabisa kutembea kwa kusukuma kijiti cha rimoti. Kuhama kutoka sehemu hadi sehemu kuwe kwa kuruka papo hapo, picha iwe nyeusi kidogo kisha atokee kwingine. Lifti inayopanda taratibu ikiwa na kioo huwachafua tumbo wengi. Iwe na kuta zilizofungwa, au iwekeni mwishoni.

Kasi ya picha iwe Hz 72 (picha 72 kwa sekunde) bila kukwamakwama, na kama programu inaruhusu Hz 90 ni bora. Hz 90 inayokwama ni mbaya kuliko 72 iliyotulia, kwa hiyo msishindane na namba.

Umbali kati ya mboni za macho. Mteja atazame mbali, weka rula ya milimita juu ya pua, soma kutoka katikati ya mboni moja hadi ya pili. Quest 2 ina nafasi tatu tu za lenzi: milimita 58, 63 na 68. Chagua iliyo karibu, na lenzi zisogeze kwa mkono hadi zikae kabisa kwenye alama, maana zikikaa nusunusu picha inakuwa na ukungu. Ukikosea hapa, mteja anaumwa kichwa baada ya dakika 10 na wewe unaandika kwenye faili kwamba ni hofu.

Urefu wa sakafu. Hili ndilo linaloharibu tiba ya kimo kimyakimya. Miwani ikidhani sakafu iko sentimita 30 chini kuliko ilivyo, mteja anajikuta jitu anayeelea, na ukingo unaotakiwa kumfika kifuani unamfika tumboni. Ikidhani iko juu, anakuwa mtoto na ukingo unamkinga uso. Kabla ya kila mteja, weka sakafu upya kwa kugusisha rimoti chini, kisha vaa mwenyewe na uhakikishe unaiona sakafu pale mguu wako unapoigusa.

Eneo la kutembelea liwe mita 2 kwa 2 bila kitu, nanyi mnazo. Meza, feni ya kusimama na ndoo ya taka vitoke nje. Mshauri asimame nyuma ya bega la mteja, hatua moja, mikono tayari lakini bila kumshika.

Mwanga: kamera za miwani hufuata alama za chumbani. Giza haziwezi, ukuta mweupe mtupu unazisumbua, kioo kikubwa kinazidanganya. Bandikeni picha mbili tatu ukutani, funikeni kioo kwa kanga. Taa za tyubu zinamemeta kwa mwendo wa umeme, na umeme wetu ni wa Hz 50, kwa hiyo kwenye mipangilio ya ufuatiliaji chagueni Hz 50 kama picha inatetemeka. Na jua: msiiache miwani dirishani lenzi zikitazama nje, hata dakika chache. Lenzi ni kioo cha kukuza. Jua linachoma skrini na doa halitoki.

Kuona anachokiona mteja ni lazima. Rusheni picha kwenye simu au kompyuta. Vifaa vyote viwili viwe kwenye Wi-Fi moja, na hotspot ya simu nyingine inatosha. Programu pakueni na kuisasisha siku moja kabla. Masasisho yakianza katikati ya kikao ni aibu. Betri inatoa saa 2 hadi 3, yaani wateja watatu ndipo uchaji, kama mnafuata dakika alizotoa Mzani.

Sasa video za nyuzi 360. Wazo la kurekodi mazingira ya kwenu ni zuri, ila lijueni linachokosa. Video inafuata kichwa kikigeuka, haifuati kikisogea. Mteja akiinama kuchungulia chini, roshani nzima inainama naye. Hapo hapo anajua ni picha, na wengine hutapika. Kwa kimo, kuinama na kusogea ukingoni ndiyo tiba yenyewe, kwa hiyo nunueni programu iliyojengwa kwa kompyuta kwa hatua kuu, na video ziwe za kuunganisha: ngazi za umeme za jengo analolijua, lile daraja la kwenu. Mteja azitazame akiwa ameketi kwenye kiti.

Mkipiga video: kamera iwe juu ya tripodi, lenzi kwenye mita 1.2 kwa sababu atatazama akiwa ameketi, isisogezwe hata kidogo, kila kipande kiwe dakika 5 au zaidi bila kukatwa. Video ya 5.7K (kipimo cha ukali wa picha) inasikika kubwa, lakini hiyo ni duara zima. Jicho linapewa kipande kidogo tu, kwa hiyo msitegemee kusoma vibao vya magari chini. Rekodini na sauti. Upepo na honi zinazosikika kutoka chini hufanya kazi kuliko picha kali.

Usafi: sponji ya miwani inayogusa uso ifunikeni kwa silikoni, nayo ioshwe kwa maji na sabuni baada ya kila mtu. (Sponji ya Quest 2 ilishawahi kuondolewa sokoni na kampuni mwaka 2021 kwa sababu ya miwasho ya ngozi, na suluhisho lao lilikuwa hilihili, kifuniko cha silikoni.) Lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu, spiriti isizikaribie. Mteja mwenye macho mekundu aje siku nyingine.

Kwa wenye hijabu au nywele za kusuka: mkanda wa nyuma ukae chini ya kisogo, penye shimo la fuvu, na kitambaa cha utelezi kiondolewe kibaki cha pamba. Miwani ikiteleza milimita chache picha inafifia, mteja anaanza kuishika kwa mikono, na kushika ni kujihami.

Bi_Tulizo

Nimesoma yote. Naongeza kwenye hilo la kujihami, maana ndani ya VR kuna ujanja ambao hauuoni kwa sababu uso wa mteja umefunikwa.

Wa kwanza ni kufumba macho. Usimuulize "umefumba?" Atasema hapana. Muulize: "Hesabu magari meupe yaliyo chini." "Yule aliyesimama kushoto ameshika nini?" Asipojua, hakuwa anatazama.

Wa pili ni kuchungulia sakafu ya kweli kupitia upenyo wa puani. Dalili ni kidevu kinachoinuka kidogo huku namba ya hofu ikishuka ghafla. Ziba upenyo kwa sponji nyembamba.

Wa tatu ni kusema moyoni "hii si kweli, hii si kweli." Huu unaweza kuifuta tiba yote. Mwambie wazi mwanzoni: tunajua si kweli, mimi na wewe, lakini mwili wako haujui, na tunaongea na mwili. Halafu mpe kazi inayomlazimu kusema kwa sauti anachokiona. Mdomo ukiwa na kazi, ile dua ya kichinichini inakosa nafasi.

Mwingine ni kusimama na miguu imeganda, magoti yamebana. Unauona kwa macho yako mwenyewe. Mwambie ainue kisigino kimoja.

Na wewe mshauri nawe usiwe kijiti chake cha kujihami. Kikao cha 3 au cha 4, rudi nyuma hadi mlangoni. Kikao cha mwisho keti nje ya mlango ulio wazi. Kama anaweza ukiwa naye tu, amezoea wewe, hajazoea kimo.

Daktari_wa_Zamu

Namba 4, nani asivalishwe.

Mwenye historia ya kifafa au aliyewahi kupata degedege kutokana na mwanga: hapana, hadi daktari wake aseme. Mtoto chini ya miaka 10: watengenezaji wenyewe hawaruhusu. Aliyeumia kichwa karibuni, mwenye mafua makali au maumivu ya sikio, mjamzito anayetapika, aliyelewa: ahirisheni.

Kabla hamjamwita mtu mwenye fobia ya kimo, ulizeni swali moja: "Kizunguzungu kinakupata hata ukigeuka kitandani?" Dunia ikizunguka kwa sekunde kadhaa anapojigeuza au kutazama juu, hata akiwa chini, huenda ni tatizo la sikio la ndani. Huyo aende kwanza kwa daktari wa masikio. Mnaweza kumfanyia vikao kumi bure wakati shida yake inatibika kwa mazoezi ya kichwa ya dakika chache.

Dawa: ulizeni kama anatumia diazepamu (dawa ya kutuliza wasiwasi) au jamaa zake. Akimeza moja kabla ya kikao, hofu haipandi vya kutosha na sifa inakwenda kwa kidonge. Lakini anayezitumia kila siku msimwambie aache. Kuacha ghafla ni hatari. Mwandikieni barua daktari aliyempa dawa hizo.

Kuhusu wenye magonjwa makubwa ya akili, naona vituo vingi huweka kanuni ya kuwakataa wote. Si sahihi. Mradi wa gameChange huko Uingereza uliijaribu VR kwenye utafiti wa wagonjwa 346 wenye saikosisi (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu apoteze mguso na uhalisia) waliokuwa wanaogopa kutoka nje, matokeo yakachapishwa mwaka 2022, na walionufaika zaidi ni wale waliokuwa wamejifungia kabisa. Ila hao walikuwa chini ya timu zao za matibabu na programu yao ilitengenezwa kwa ajili yao. Kituo cha ushauri chenye chumba kimoja kiwapeleke hospitali, bila kuwafanya waone kwamba wamefukuzwa.

Mkija kupanua huduma: fobia ya damu na sindano msiitendee kama ya kimo. Kwenye kimo, mtu anahisi atazimia na hazimii, presha yake imepanda. Kwenye damu, presha hupanda kisha hudondoka, na anaweza kuzimia kweli akiwa na miwani usoni. Huyo afundishwe kwanza kukaza misuli, njia ya Lars-Göran Öst wa Sweden: akiwa ameketi, akaze mikono, kifua na mapaja kwa sekunde 10 hadi 15 hadi asikie joto usoni, aachie kwa sekunde 20 hadi 30 bila kulegea kabisa, arudie mara 5. Akiimudu hiyo ndipo avae miwani, kwenye kiti cha kulalia. Hapa kukaza si ujanja wa kujihami, Bi Tulizo asinigombeze. Ni kuzuia presha isianguke.

Baada ya kikao mteja aketi dakika 15 kabla ya kuendesha gari au kupanda bodaboda. Mkitaka kupima kichefuchefu kwa utaratibu, lipo dodoso la Kennedy la mwaka 1993: dalili 16, kila moja 0 hadi 3, dakika mbili limekwisha. Mpeni kabla na baada. Wengine wanakuja na kichwa kikiuma tayari.

Bi_Tulizo

Sikugombezi daktari, kwa damu nakubali.

Nasaha_Bara

Asanteni sana wakuu, nimenakili yote. Yamebaki mawili. Akivaa, akasimama ghorofa ya 10, akasema "namba 5, naona katuni tu", tunafanyaje? Na kwa mteja asiyeweza kufika kituoni, je, hivi vifaa vya karatasi vya kuweka simu vina maana yoyote?

Lenzi63

La pili nijibu mimi. Vina maana. Chuo Kikuu cha Vrije cha Amsterdam kilijaribu programu ya simu kwenye kifaa cha karatasi kwa woga wa kimo, watu 193, bila mshauri, ikachapishwa mwaka 2019, na waliopata tiba walipungukiwa woga kwa kiasi kikubwa kuliko waliokuwa wakisubiri. Kagua simu kwanza: iwe na jairoskopu, yaani kihisi kinachotambua simu inavyogeuzwa. Simu nyingi za bei ya chini hazina, na bila hiyo picha haigeuki na kichwa au inateleza yenyewe. Mtihani mwepesi: fungua video ya nyuzi 360 kwenye YouTube na uizungushe simu. Isipofuata, basi. Vipande viwe vya dakika 10, simu inapata moto. Aketi kwenye kiti kinachozunguka, kwa sababu kuinama hakufuatwi, ni kasoro ileile ya video.

Mzani

Namba 5 ghorofa ya 10. Angalieni kwa utaratibu huu, kuanzia la rahisi.

Sauti ipo? Mara nyingi imezimwa. Mwanga unaingia puani? Sakafu iko sawa? Hayo ameshayaeleza Lenzi.

Kisha ongezeni mguso. Kwenye chumba cha VR chenye shimo la kidijitali cha Chuo Kikuu cha North Carolina, watafiti waliweka mbao nyembamba sakafuni pale pale ukingo wa kidijitali ulipokuwa, ili kidole cha mguu kihisi mwisho wa ubao, na mapigo ya moyo yakapanda zaidi kuliko bila mbao. Nanyi fanyeni hivyo: ubao wa upana wa sentimita 20 hadi 25, unene wa sentimita 2 hadi 4, urefu mita 2, umepigwa msasa, chini una mpira usioteleza. Ulinganisheni na ubao wa ndani kwa kugusisha rimoti ncha zote mbili kama programu inaruhusu. Mteja asimame peku au na soksi, nusu ya wayo ikining'inia. Feni ndogo mbele kwa ajili ya upepo. Huko Seattle kwenye fobia ya buibui walifanya jambo la aina hiyohiyo, mkono wa mteja ukamgusa buibui wa manyoya wa kuchezea wakati anamwona wa kidijitali. Kwa ndege, spika ya besi chini ya kiti.

Kama bado ni 5, tatizo si mashine. Rudini kwenye mahojiano. "Woga wa kimo" ni jina tu. Ulizeni kinachoogopwa hasa. Mmoja anaogopa kuanguka. Mwingine anaogopa kwamba atajirusha ingawa hataki kufa. Huyo mwondolee ukingo, na kabla ya hapo mhoji vizuri kuhusu mawazo ya kujiua, usibahatishe. Mwingine anaogopa kunaswa kwenye lifti, wala kimo hakimsumbui, na mmempandisha ghorofa ya 10 akiwa nje kwenye hewa safi. Mwingine anaogopa watu wamwone akitetemeka, na roshani yenu haina watu.

Wapo wachache ambao, hata yote yakiwa sawa, picha haiwaingii. Baada ya kikao cha pili na namba haijawahi kuvuka 30, achaneni na miwani. Nendeni ghorofa ya 1 ya jengo lenu, kwenye ngazi za nje.

Na kwa wale wanaoingia vizuri, kila kikao kiambatane na kazi ya nje ndani ya saa 24: hatua ileile aliyoimudu ndani, ila kwenye jengo la kweli, mara 3, dakika 10 kila moja, akiwa na karatasi yake ya utabiri. Kikao kinachofuata kifungueni kwa karatasi hiyo. Kama hakuifanya, miwani ikae mezani, mzungumzie kwanza kilichomzuia. Kipimo chenu cha mwisho nacho kiwe nje: siku ya kwanza kabla ya tiba andikeni anafika ghorofa ya ngapi kwenye jengo fulani na hofu namba ngapi, mrudie jengo hilohilo wiki moja baada ya kumaliza, na tena baada ya miezi 3. Namba ya ndani ya miwani msiiweke kwenye ripoti kama ushahidi wa kupona.

Nasaha_Bara

Nimeelewa. Kesho naanza na fundi seremala wa ubao. Huo msasa upigwe pande zote au juu tu?

Lenzi63

Pande zote, na kona zizungushwe. Watu watasimama peku.